Mwenza Alipokosea

Ripoti ilikuwa imekwisha. Ilibaki Nakijwa aweke kidole gumba chake kwenye kioo cha kishikwambi kuiidhinisha basi, nacho kidole kiligoma.

Daktari Ambakisye alisimama upande wa pili wa kitanda, mikono ndani ya mifuko ya koti jeupe, akijitahidi asitazame saa ya ukutani. Alikuwa mtu mwema, na watu wema hawajui kuwaharakisha wenzao bila kuumia wenyewe.

"Mhandisi, hakuna anayekulazimisha," alisema. "Ila huko chini kuna yule binti, Venansia. Hali yake unaijua."

Nakijwa aliijua. Hospitali nzima ya neva pale Singida iliijua. Binti alikuwa amepigwa na kiharusi hata arobaini ya mtoto wake haijatoka, na kitu pekee kilichoweza kumrudisha kilikuwa mwenza. Mwenza pekee aliyekuwapo nchini wakati ule alikuwa ndani ya kichwa cha mzee aliyelala mbele yao. Mzee huyo alikuwa Mwalimu Lufunga, na ndiye aliyemfundisha Nakijwa kuandika programu, enzi hizo akiwa msichana wa kidato cha kwanza anayeogopa hata kugusa kibodi.

Mwenza mwenyewe ni kidude kidogo kama punje ya mahindi. Kinapachikwa pale kiharusi kilipobomoa, na kazi yake ni kumzoea mtu. Akishamzoea, huibashiri fikra inayofuata na kuiandaa mapema, ili ubongo uliojeruhiwa usibebe mzigo wote; mwenza akitolewa, mzigo huo humwua mtu. Akipatia, maisha yanasonga. Akikosea, anatupa alichokiandaa na kuanza upya. Ni kama mwenye duka aliyekuzoea: akikuona tu mlangoni, mkono wake umeshafika kwenye sukari. Siku ukitaka kiberiti inabidi arudishe sukari, ageuke, atafute. Kule kugeuka ndiko wahandisi wanakokuita kosa la ubashiri.

Sheria ilikataza mtu yeyote kuzisoma fikra zilizomo ndani ya mwenza, na ilikuwa sheria nzuri. Lakini mafundi waliotengeneza prosesa yake waliacha humo vihesabio, kama prosesa zilivyokuwa navyo tangu zamani. Mizunguko mingapi imepita. Maagizo mangapi yametekelezwa. Mara ngapi data haikukutwa karibu ikabidi ifuatwe mbali. Mara ngapi ubashiri umekosea. Vihesabio havijui mtu anafikiri nini, vinajua tu kwamba kazi imefanyika. Programu ya kuvisoma Nakijwa aliiandika kwa lugha ya C, hatua kwa hatua kama alivyofundishwa: anzisha maktaba, unda kundi la matukio, ongeza tukio mojamoja, anza kuhesabu, soma, simamisha. Na kila hatua kagua jibu lililorudi, maana Mwalimu alikuwa akisema kuita kazi bila kukagua jibu lake ni kumtuma mtoto kisimani usiangalie kama ndoo imerudi na maji.

Nakijwa alikagua yote. Ndoo ilikuwa imerudi tupu.

Kichwa kisipokuwa na mwenyewe, mwenza hubaki akijibashiri peke yake, na anayejibashiri peke yake hakosei. Kwa hiyo kipimo alichokitunga Nakijwa kilikuwa rahisi: watu waje wazungumze na mgonjwa, na kihesabio cha makosa kitazamwe. Mwalimu Lufunga ndiye aliyekuwa wa kwanza kupimwa nacho. Wiki nzima wanafunzi wake wa zamani waliingia kwa zamu, wakainama, wakasema, "Shikamoo, Mwalimu. Pole sana, Mwalimu. Tunakuombea, Mwalimu." Mchungaji alikuja na sala yake. Mama Limi, mkewe, alimsomea zaburi ile aipendayo, asubuhi na jioni. Kihesabio cha makosa kililala doro.

"Mwanangu," Mama Limi alisema kutoka kwenye kiti chake karibu na dirisha. Macho yake yalikuwa yamevimba lakini sauti ilikuwa imetulia. "Kama ameshaondoka, weka kidole. Mwenyewe asingependa kuziba njia ya mtu."

Nakijwa alikipeleka kidole kwenye kioo. Mlango ukafunguliwa bila hodi.

*

Aliyeingia alikuwa mama mrefu mwenye miwani ya dhahabu, suti ya kijivu, na kanga aliyoifunga kiunoni juu ya suti hiyo kama mtu anayejiandaa kwa fujo. Mkononi alikuwa na mfuko na tepu ya fundi cherehani. Daktari alimtambua akasimama wima. Nani asingemtambua? Jaji mstaafu Mwamvita Pembe alikuwa ametoa hukumu zilizotetemesha mawaziri.

"Mheshimiwa, karibu, hatukuwa na taarifa..."

"Sijaja kwako," alisema Jaji. Alikwenda hadi kwenye kitanda, akashika kiuno, akamtazama mgonjwa kuanzia nyayo hadi utosini. "Haya! Nani kaweka gunia la michembe ya viazi kitandani, wagonjwa wanakosa pa kulala?"

Mama Limi aliziba mdomo kwa kiganja.

"Msukuma, saa nne hii umelala, ng'ombe wanachungwa na nani? Umewakabidhi fisi?" Alifungua tepu akaanza kupima kuanzia kidole gumba cha mguu. "Nimetoka Kisarawe na treni ya alfajiri kwa kazi moja tu. Fundi jeneza anasema miguu ya Kisukuma inahitaji mbao za ziada. Nimemwambia hakuna mbao, aikunje!"

Mama Limi alicheka. Kilimtoka kicheko kikubwa chenye machozi, cha mtu aliyekaa wiki nzima akiambiwa pole. "Wewe mama! Hata leo?"

"Leo ndiyo siku yenyewe, mke mwenzangu. Mtani asipokuja leo, aje lini?" Kisha akamgeukia Nakijwa aliyekuwa ameduwaa, akaeleza kwa sauti ya kawaida, ya mahakamani. "Usishtuke, mwanangu. Mimi Mzaramo, huyu Msukuma. Alipokuwa akifundisha kwetu tulikaa nyumba zinazotazamana, na miaka yote ile hatukuwahi kuamkiana kistaarabu hata siku moja."

Akamgeukia tena mgonjwa, akainama, akalishika sikio lake kama anayelichagua sokoni. "Na haya masikio naondoka nayo. Redio yangu haishiki stesheni. Nitayafunga juu ya paa, moja lielekee Dodoma, moja lielekee Mombasa."

Nakijwa alikuwa akicheka, huku kidole kikirudi kwenye kioo kuifunga programu. Hapo ndipo alipoona namba.

Kihesabio cha makosa kilikuwa kimeamka. Hakikupanda taratibu. Kiliruka, kikatua, kikaruka tena juu zaidi pale penye masikio, kisha kikabaki kikitikisika kwa sekunde kadhaa, kama kifua cha mtu anayejizuia asicheke kanisani.

Nakijwa aliondoa kidole kwenye kioo. Kitu cha kwanza kilichomjia kilikuwa aibu ya kihandisi: kuna hitilafu. Sauti ya Jaji ni kubwa, labda kazi ya kusikia ndiyo iliyoongezeka. Alipenda mno kuamini, na alijua kwamba mtu anayependa kuamini ndiye anayepaswa kukaguliwa kuliko wote. Venansia, kule chini, alikuwa na haki ya ukaguzi huo.

"Mheshimiwa," alisema Nakijwa. "Mama. Naomba urudie hilo la masikio. Maneno yaleyale, sauti ileile."

"Utani haurudiwi, mwanangu. Ukirudiwa unakuwa hotuba."

"Ndicho ninachotaka. Nihutubie."

Jaji alimtazama juu ya miwani, akaona uso wake, akaacha mzaha. Alirudia neno kwa neno. Nakijwa alilinganisha. Maagizo yaliyotekelezwa yalikuwa karibu sawa mara zote mbili: sauti ileile, kazi ileile ya kusikia. Makosa ya ubashiri yalikuwa yameporomoka. Mwenza alikuwa ameshajua masikio yanaelekea wapi.

"Tena jipya," Nakijwa alinong'ona.

"Msukuma," alisema Jaji polepole, "nikikuzika nitapanda juu yako mnazi, ili angalau kufa kwako kuwe na faida pwani."

Kihesabio kiliruka.

Nakijwa alizipanga namba zote tatu kando kwa kando. Yote yalimfungukia kwa mkupuo. Wiki nzima walikuwa wamemwamkia mzee. Shikamoo, na jibu la shikamoo ni marahaba tangu dunia iumbwe. Pole, na jibu la pole linajulikana. Zaburi aliyoisikia maisha yake yote. Mwalimu alikuwa akijibu kila kitu huko ndani, kwa uaminifu wa mtu aliyelelewa vizuri, na mwenza alikuwa akipatia kila jibu kabla hajalimaliza. Heshima yao yote ilikuwa imemfunika kama shuka la maiti. Asiyemheshimu ndiye aliyemfunua.

"Yumo," alisema. "Mama Limi, yumo. Alikuwa humo siku zote."

*

Kuthibitisha hakukuchukua muda. Nakijwa alisogeza kiti hadi karibu na mto.

"Mwalimu, ni mimi Nakijwa. Kwa ndiyo, fikiria kitu cha ovyo kabisa, ambacho hujawahi kukifikiria. Kwa hapana, soma jedwali la tano kama tulivyolisoma darasani. Umenielewa?"

Namba zilipanda.

"Unaumwa mahali?"

Namba zilitulia kabisa. Tano mara moja tano, tano mara mbili kumi. Daktari Ambakisye alivua miwani akaifuta kwa koti, akaivaa, akaivua tena.

"Huyu mama mwenye tepu, ni mkeo?"

Kimya. Hata mstari mmoja haukutikisika.

"Kanikana mbele ya mashahidi!" alifoka Jaji, na kihesabio kikaruka karibu kitoke nje ya kioo, Mama Limi akaanguka juu ya kifua cha mumewe akicheka na kulia, akimwita majina ambayo wengine chumbani walijifanya hawayasikii.

Nakijwa aligeuza uso. Alikuwa na shukrani nyingi hata hakujua azielekeze kwa nani kwanza. Alimshukuru Mungu. Alimshukuru yule fundi asiyemjua, wa nchi ya mbali na miaka ya mbali, aliyeona vyema kuweka kihesabio ndani ya prosesa ili tu ajue ilipojikwaa. Alimshukuru mwanamke aliyepanda treni alfajiri ili aje kumtukana mgonjwa. Na alishukuru, kwa hofu iliyomfanya ashike ukingo wa kitanda, kwamba hakuna mgonjwa mwingine aliyewahi kupimwa kabla ya huyu kwa kipimo chake kile cha adabu.

Daktari alimgusa bega. "Mhandisi. Nje kidogo."

Kwenye ujia, sura yake ilikuwa imebadilika. "Nimefurahi, usinielewe vibaya. Lakini sheria unaijua. Mgonjwa anayeweza kujibu lazima ajulishwe kila jambo linalohusu kifaa chake, na aulizwe kama anataka kuendelea nacho. Ikiwa ni pamoja na kwamba kuna mtu anakisubiri."

"Na Venansia anaweza kusubiri hadi lini?"

"Mwenza mwingine ameagizwa. Anaweza kufika Venansia akiwa bado yupo. Anaweza kuchelewa." Alivuta pumzi. "Sitakudanganya."

Mama Limi alikuwa amewafuata hadi mlangoni, na alikuwa amesikia. "Mkimuuliza atasema mpeni," alisema. "Nimeishi naye, namjua. Atasema mpeni, tena upesi, ili asipate muda wa kuogopa. Mwanangu Nakijwa, nakusihi. Sijamaliza hata dakika kumi tangu nimpate."

Nakijwa alimtazama mama huyu aliyempikia uji zile Jumamosi za kwenda kwao kutumia kompyuta. Kumficha Mwalimu kilikuwa kitu ambacho Mwalimu mwenyewe asingemsamehe. Kumuuliza ilikuwa kumkabidhi kisu kwa upande wa makali. Programu ilikuwa imempa mzee sauti, na swali la kwanza la maana ambalo sauti hiyo ingeulizwa lilikuwa kama yuko tayari kufa.

"Mnipe muda kidogo," alisema. "Kuna mtu lazima aisikie habari hii kutoka kwangu kabla haijatembea yenyewe."

*

Mama yake Venansia alikuwa amekaa kwenye benchi nje ya wodi, mjukuu amelala mapajani, chupa ya maziwa imefungwa ndani ya kitambaa isipoe. Alitoka Muleba, na kwa wiki zote hizo hakuna aliyemsikia akipandisha sauti. Alipomwona Nakijwa alisogea ampishe nafasi.

"Umeshaweka kidole, mwanangu?"

"Hapana, mama." Nakijwa hakutafuta maneno laini, aliona ni dharau. "Mzee yu hai. Anasikia, anajibu. Nilikosea mimi, si yeye. Siwezi kukitoa kifaa kwa mtu aliye hai."

Mama alikirekebisha kitambaa cha mtoto ambacho hakikuhitaji kurekebishwa. Nakijwa alingoja kilio, au laana, na alikuwa tayari kwa vyote viwili.

"Mna hakika?"

"Tuna hakika."

"Amejibu nini?"

"Amemkana mtani wake kwamba si mkewe."

Mdomo wa mama ulitetemeka, na haikujulikana kama ni kwa kicheko au kwa kitu kingine. Kisha akafunika uso kwa ncha ya kitenge, na mabega yakamtikisika kwa muda. Nakijwa alimchukua mtoto ili mikono yake mama iwe huru.

"Daktari anasema sheria inataka aulizwe," Nakijwa alisema alipoona ametulia. "Kama yuko tayari kumwachia Venansia. Mkewe anaamini atakubali."

"Asiulizwe." Neno lilitoka papo hapo. "Akubali, kisha mwanangu aamke, aniulize: mama, nimeponaje? Nimwambie kulikuwa na mzee anacheka, tukamnyamazisha? Huyo mtoto uliyembeba mtamwambia nini?" Alisimama, akanyoosha kitenge. "Sheria inataka ajue. Ajue, ni haki yake. Lakini atajua kutoka kwangu. Nipeleke."

*

Walipoingia, Jaji alifunga tepu yake akasogea pembeni bila kuambiwa. Mama Limi alisimama katikati ya mgeni na kitanda, kisha akaona mtoto mikononi mwa Nakijwa, akaelewa ni nani, na hakujua tena asimame wapi.

"Niache, dada," mama wa Muleba alisema kwa upole. "Sijaja kwa ubaya."

Alipiga goti kando ya kitanda. "Shikamoo, Mwalimu."

Kihesabio hakikusogea. Marahaba ilikuwa imeshaandaliwa.

"Hunijui. Mimi ni mama wa Venansia. Binti yangu yuko ghorofa ya chini, ana mtoto mchanga, naye ameumwa kama wewe. Kifaa kilichoko kichwani mwako ndicho tulichokuwa tukikisubiri. Hakuna kingine kwa sasa." Alisogea karibu na mto. "Nimekuambia kwa sababu ni haki yako kujua. Lakini sikukiomba, na sitakiomba, na ukinipa nitakataa mbele ya hawa wote. Sikiliza nilichokuja kukuambia. Kila jioni nilipiga magoti pale chini nikaomba. Sikukutaja jina, nilijificha nyuma ya maneno, lakini Mungu alijua ninachoomba. Niliomba usiwepo."

Akauweka mkono wake juu ya mkono wa mgonjwa.

"Hakunisikiliza. Nimekuja kukuambia kwamba ninamshukuru kwa kutonisikiliza. Asante kwa kuwapo, Mwalimu. Umenitua mzigo ambao ningeubeba hadi kaburini. Binti yangu tutamsubirisha kwenye foleni kama watu, na Mungu akipenda ataponea kitu kisichokuwa cha mtu."

Nakijwa alikuwa na mtoto mkono mmoja na kioo mkono mwingine, na aliiona namba ikipaa. Ilipita masikio na mnazi na kila utani wa asubuhi ile, ikaendelea kupanda bila kutua. Mwenza, aliyejifunza maisha yote ya mtu yule, alikuwa anatupa kila alichokiandaa, anaanza upya, anatupa tena. Hakuwahi kukutana na kitu kama hiki na hakujua kinachofuata.

Mama alimgeukia Nakijwa. Hakuwa akijua kusoma namba zile. "Amesemaje?"

Nakijwa alifungua kinywa. Angeweza kuisoma namba. Angeweza kuihifadhi, ingekuwa ushahidi mzuri kuliko wote aliowahi kuupata. Lakini yaliyokuwa yakiendelea humo ndani yalikuwa ya mzee peke yake. Aliita kazi ya kusimamisha kuhesabu, akakagua jibu lililorudi, na kioo kikawa cheusi.

"Amekusikia, mama," alisema.

Akavuta kiti cha tatu karibu na kitanda, akamlaza mtoto vizuri kifuani, akakaa nao.